Ufa wa Kibokoni

Simu ililia saa sita kasorobo.
Nilikuwa na chokaa hadi viwikoni;
nikaichomoa mfukoni kwa vidole viwili,
kama mtu atoaye mwiba kooni mwa mtoto.
Ni Maimuna, kutoka huko kwenye baridi.
"Usimwambie mtu mpaka saa saba, watakapotangaza."
Akanyamaza. Kisha kile kicheko chake cha kuvuta ndani:
"Kaka, wamenipa."

Dakika sabini na tano!
Hapa Kibokoni siri haijapata kuishi muda huo.
Nilijaribu, wallahi.
Nilimwambia Mwaruwa tu, anichanganyiaye mchanga,
naye akamwambia muuza mabuyu tu,
na sijamaliza kunawa
Bi Raya keshatandika mikeka barazani,
runinga ya Kassamali, fundi wa mafriji,
yaja juu ya mabega ya vijana wanne
kama bibi harusi asiyetaka kwenda.

Akatokea bwana mwenye tai, nyuma yake mlango wa dhahabu.
Akasoma, akasoma. Tukangoja jina.
Likaja vipande vipande,
sahani iliyoanguka njiani;
lakini ni yetu, tuliitambua kwa maua yake.
Papo hapo stima zikapotea.
Runinga ikafa.
Vigelegele havitumii stima.

"Pesa ngapi?" akauliza Bi Raya.
"Kavumbua nini?" akauliza muuza mabuyu,
kwa sauti ya mtu aonaye haya.
Wakanigeukia mimi.
Nikasema: kuna kidudu,
elfu nzima havijazi tundu la sindano.
Chaishi ndani ya jiwe la matumbawe;
ukikipa maji na chakula kidogo
chatema chokaa, chaziba ufa chenyewe,
usiku na mchana, wala hakidai posho.
Mwaruwa akatazama karai lake.
"Basi dadako katuachisha kazi."
Tukacheka, yeye kidogo kuliko sisi.

Sikuwaambia mengine.
Chumbani kwa mama kuna ufa,
watoka dirishani, washuka hadi sakafuni.
Maimuna wa miaka minane alilala ubavuni mwake,
akaupima kila Ijumaa kwa njiti ya kiberiti,
akaandika kwa makaa ukutani:
mbili. Mbili na robo. Tatu.
Baba akamchapa kwa kuchafua ukuta.
Akaendelea kuandika, chini zaidi, nyuma ya kitanda.
Alfajiri moja ya masika akanitikisa:
"Umepungua! Peke yake! Amka uone!"
Nikamwambia, lala wewe,
nikageukia upande wa pili.

Hivyo basi, tangazo la leo ni la pili.
La kwanza lilisomwa saa kumi ya alfajiri,
hadhira nzima ilikuwa mimi,
na hadhira ilikuwa na usingizi.

Mama hakutokea barazani. Alipopelekewa simu
akamsikiliza bintiye, akaitikia, akalia kidogo,
akajifuta kwa ncha ya leso.
"Vyema, mwanangu. Mungu akuzidishie.
Na ukuta wangu je?
Wazee walisema usipoziba ufa..."
"Najua, mama. Vibali bado. Miaka mitatu hivi."
"Miaka mitatu! Huyo mdudu mvivu kama kakako."

Usiku, wageni wamekwisha,
halwa imebaki karatasi na mafuta,
nikaingia na karai langu kuuziba, kama kila mwaka.
Nikasogeza kitanda.
Makaa yake yangalipo.
Mara saba nimeupaka ukuta huu chokaa,
na mara saba brashi imepita kando;
sijui mkono ulijuaje.
Nikaweka karai chini.
Nikatafuta kiberiti jikoni.
Njiti mbili kasoro.
Nikaandika, na tarehe.